Ukeketaji: imani zipi hasa zinaushikilia, na nianzie wapi kuzungumza na wazazi?

mwl_Mkata

Habari za jioni, waungwana. Shule yetu itakutana na wazazi wa vitongoji vinne kabla ya likizo ya Desemba, na nimepewa saa nzima kuzungumzia ukeketaji. Wazazi ni mchanganyiko: Wazigua wenyeji, Wamaasai wa maboma ya pembeni, na familia za Wagogo na Wanyaturu waliohamia huku kulima. Vipeperushi vya madhara ya kiafya ninavyo. Shida ni kwamba vipeperushi hivyohivyo vimesomwa miaka nenda rudi, na bado watoto wanakeketwa.

Nataka kuelewa mzazi anayemwita ngariba anaamini nini hasa. Sikubali kwamba watu wote hawa ni wakatili. Wengi nawaona wanavyohangaika na ada na sare za mabinti haohao. Naombeni maelezo ya kina: imani gani, ya nani, na ukikaa na mzazi wa namna hiyo unaanza na neno gani. Na je, polisi niwataje au nisiwataje?

Yeyo_Lugoba

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Kwanza ondoa wazo kwamba ukeketaji una imani moja. Katika wazazi wako hao kuna angalau mbili zisizofanana hata kidogo, na hoja inayomgusa Mmaasai itampita Mnyaturu kama haikusemwa. Mimi niseme ya Wamaasai na Waparakuyo, maana ndio waliotapakaa Handeni, Kilindi na huku Chalinze.

Watu wa mjini husema ni kumpunguzia binti matamanio. Maneno hayo utayasikia hata bomani, lakini si kiini. Kiini ni daraja la utu uzima. Msichana ambaye hajapita emuratare, yaani tohara ya Kimaasai, hata awe na miaka 20, ni entito, yaani bado mtoto. Mtoto haposwi, mtoto hazai. Akishika mimba kabla ya kupita, mimba ile ni mkosi na aibu kwa ukoo, na ndiyo maana utasikia binti mjamzito amekeketwa harakaharaka, au hata siku ya kujifungua. Mama anayepanga hayo anaijua damu, kwa kuwa yeye mwenyewe ilimtoka. Anachopima ni maumivu ya wiki kadhaa upande mmoja, na upande wa pili binti kukaa maisha yake yote bila mume, akiitwa mtoto na wadogo zake. Kwa hesabu yake anamtendea mema. Ukimwambia anamtesa mwanawe, umeshampoteza hapohapo. Atakaa kimya, atakunywa soda ya mkutano, ataondoka.

Sasa angalia ni nani anayeishika hesabu hiyo. Mashirika mengi humkimbilia ngariba. Anaitwa, anasalimisha kisu mbele ya wageni, picha zinapigwa. Msimu ukifika anaitwa mwingine, au yuleyule anarudi kwa sababu mbuzi na hela alizokuwa akilipwa hazina mbadala, na mteja bado yupo. Wenye funguo ni wanaume: baba anayepokea ng'ombe wa mahari, laigwanani, kiongozi wa mila ambaye neno lake linasikilizwa na rika zima, na vijana wanaotafuta wachumba. Kijana akitamka mbele ya wazee kwamba ataoa binti ambaye hajakeketwa, na laigwanani akaitikia, mama amepata pa kupumulia.

Kuna mfano wa Senegal ambao ningeufikiria sana. Wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza kuacha mwaka 1997. Jirani zao hawakufurahi, kwa sababu kijiji hakioani chenyewe kwa chenyewe. Binti ataolewa kwa jirani ambako bado wanakeketa. Imamu mmoja, Demba Diawara, akashauri kwamba uamuzi ufanywe na vijiji vyote vinavyooana kwa pamoja, akatembea kijiji kwa kijiji kwa ndugu zake kuzungumza nao. Tangu hapo matamko yakawa ya vijiji vingi kwa mpigo. Somo kwa mkutano wako: usimwombe mzazi mmoja mmoja akuahidi. Kuahidi peke yake kunamtisha, na ana haki ya kutishika. Orodhesha kwanza maboma ya wazazi wako yanaoa wapi na yanaozesha wapi. Kama wachumba wanatoka kijiji kingine, laigwanani wa huko naye akae kwenye benchi la mbele.

Jingine ni tohara mbadala, ile ya kupitisha binti utu uzima bila kisu. Kenya walianza Tharaka mwaka 1996 na baadaye ikaingia hata Umaasaini. Inafanya kazi pale tu ambapo wazee wenyewe ndio wanaobariki: kichwa kinanyolewa, maziwa yanamiminwa, shanga zinavaliwa, ng'ombe anachinjwa, na mzee anatamka kwamba huyu sasa ni mwanamke. Ikifanywa kambi ya siku tatu mjini yenye fulana na cheti, binti anarudi nyumbani na bado ni entito, kwa kuwa mwenye mamlaka ya kumpandisha daraja hakuwepo. Wengine walikeketwa baada ya kupokea vyeti.

mkunga_Muheza

Asante Yeyo, umeeleza vizuri mno. Mimi niingie kwa Wagogo na Wanyaturu, kwa sababu kwao si suala la daraja. Kwao utasikia neno lawalawa.

Lawalawa ni jina la ugonjwa wa sehemu za siri: mtoto wa kike anawashwa, anatoka uchafu, anavimba, analia akikojoa. Inaaminika chanzo ni mizimu iliyokasirika na kwamba hospitali haina dawa yake. Dawa ni kukeketa. Mtoto anaweza kuwa wa miezi michache tu. Kwa hiyo, mwalimu, ukisimama mbele ya mama huyu ukasema "mila potofu ya kupeleka mabinti kuolewa mapema", hatajiona kabisa kwenye maneno yako. Yeye hakufanya sherehe wala hakualika mtu. Alimtibu mtoto.

Na ushahidi anao: mtoto alikeketwa, akapona. Usimkatalie kwamba alipona. Mweleze kwa nini. Baada ya kukeketwa, sehemu ile huoshwa kila siku kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi na kuachwa ipate hewa. Muwasho mwingi wa watoto hupungua kwa kuoshwa hivyohivyo tu, pasipo wembe. Halafu orodhesha vitu vinavyoleta dalili za lawalawa, kwa majina anayoyajua: maambukizi ya njia ya mkojo, fangasi, nepi au nguo mbichi iliyokaa muda mrefu, sabuni ya kufulia iliyotumika kumwogeshea mtoto, kupangusa kutoka nyuma kuja mbele, na minyoo midogo myeupe inayotoka usiku na kuwasha. Huku kwetu ukanda wa pwani ongeza kichocho. Mtoto anayecheza kwenye madimbwi na mito yenye konokono anaweza kukojoa damu, na msichana mkubwa anaweza kupata vidonda, muwasho na uchafu ukeni kwa sababu ya mayai ya kichocho. Ukimkeketa, minyoo ya kichocho inabaki palepale ndani ya mishipa, na umemwongezea kidonda.

Kituoni mambo ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Joto la mwili linapimwa, mkojo unapimwa kwa kijiti, ukionekana na shida unapelekwa maabara. Maambukizi ya mkojo yanatibiwa kwa antibayotiki kwa uzito wa mtoto, fangasi kwa dawa ya kupaka, minyoo kwa dawa ya minyoo, kichocho kwa prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo, dozi moja. Mtoto mwenye homa pamoja na kulia akikojoa asisubiri, apelekwe siku hiyohiyo. Kama muuguzi wa zahanati yenu anaweza kufika mkutanoni na kusema "mleteni kwangu mtoto mwenye lawalawa, nitampima na sitamgombeza mtu", sentensi hiyo ina nguvu kuliko mabango kumi. Akimgombeza mama mmoja tu, habari itasambaa na wengine hawatakuja.

Kuna jambo la umri ambalo litaathiri ratiba yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba theluthi moja hivi ya wanawake waliokeketwa walifanyiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mtoto mchanga hasemi, hana mwalimu wa kumshtakia, na kidonda hufichwa na nepi. Basi kwa familia hizi onyo la kabla ya Desemba limechelewa. Wakati wao ni kliniki ya wajawazito, wiki za kwanza baada ya kujifungua na mahudhurio ya chanjo. Na wa kuzungumza naye si mama peke yake. Ni bibi, mama mkwe hasa, maana mtoto anaachwa kwake mama akienda shamba.

Kuhusu madhara: chagua la kusema kulingana na aliye mbele yako. Kwa bibi wanaozalisha nyumbani sema uzazi, kwa sababu wameyaona kwa macho yao. Kovu halitanuki kama ngozi nzima, linachanika. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wanawake 28,393 waliojifungua katika vituo 28 vya nchi sita za Afrika, matokeo yakatolewa 2006. Waliokeketwa kwa kuondolewa kinembe pamoja na mashavu ya ndani, vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada ya hapo vilizidi kwa asilimia 32 vikilinganishwa na vya wasiokeketwa. Waliokeketwa na kushonwa, asilimia 55. Bibi aliyewahi kumpokea mtoto asiyelia ataelewa namba hizo kuliko daktari.

Na ukiulizwa "je, tukimpeleka kwa nesi mwenye glavu na ganzi?", jibu kwa uwazi: hapana. Glavu inapunguza uchafu tu. Kinachokatwa ni kilekile, kovu ni lilelile, na nesi huyo anavunja sheria na maadili ya kazi yake.

Ustadh_Kaole

Assalaam aleikum. Mwalimu, kwa wazazi Waislamu litatoka swali "si ni sunna?" Usilikwepe.

Katika Qur'ani hakuna aya inayoamrisha kumkata mwanamke. Hadithi inayotajwa zaidi ni ya Ummu Atiyya, iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, na Abu Daud mwenyewe aliyeinukuu alisema ni dhaifu kwa kuwa mmoja wa wapokezi hajulikani. Baraza la utafiti la Al-Azhar, Kairo, lilitamka mwaka 2007 kwamba jambo hili halina msingi katika sharia na kwamba lina madhara. Na ni la kale kuliko Uislamu na Ukristo: kuna waraka wa Kigiriki wa Misri wa mwaka 163 kabla ya Kristo unaolitaja, na Wakristo wa Kikopti wa Misri nao wamekuwa wakilifanya.

Ila nakutahadharisha: sisi pwani ni Mashafii, na vitabu vya kale vya madhehebu vinataja hitani, yaani tohara, kwa wanaume na wanawake. Mzee aliyesoma chuoni anavijua. Ukisema "halimo kabisa katika dini" atafungua kitabu mbele ya watu, na mkutano utakuwa umeisha. Njia iliyonyooka ni kupitia madhara. Ile kanuni ya "la dharara wala dhirar", hakuna kudhuru wala kudhuriana, kila mwenye elimu anaikubali, na madhara hushuhudiwa na tabibu. Muuguzi aseme kwanza, shehe aseme baada yake. Muone shehe wa kata au wilaya mapema, mkubaliane maneno, ikiwezekana alitaje katika hotuba ya Ijumaa kabla ya mkutano wenu.

Na wakumbushe wazazi wa pwani kilicho mikononi mwao. Wazaramo na Wakwere mwali wao aliwekwa ndani, akafundwa na kungwi, akachezwa ngoma chini ya mti wa mkole, akatoka mwanamke na kila mtu akamtambua. Kilichompandisha ni mafunzo na kutambuliwa na watu. Yasisemwe kwa kuwasimanga Wamaasai, lakini yasemwe.

Kibarua_Chumbageni

Mnazunguka sana. Sheria ipo, wakamatwe wafungwe, wengine watajifunza.

ustawi_Korogwe

Ndugu Kibarua, sheria ipo na inahitajika, lakini tazama inavyofanya kazi ikiachwa peke yake.

Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kiliingizwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998. Mwenye kumlea au kumwangalia mtoto aliye chini ya miaka 18 akimkeketa au kusababisha akeketwe, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitano na kisichozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na fidia kwa mtoto. Kuna pengo hapo: kinamtaja aliye chini ya miaka 18. Yule binti anayekeketwa akijifungua, aliyemtaja Yeyo, akiwa na miaka 19, aliyemkeketa inabidi ashitakiwe kwa makosa ya kujeruhi.

Tangu sheria ije, wanaokeketwa wamepungua: asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika utafiti wa 1996, asilimia 10 mwaka 2015-16, asilimia 8 mwaka 2022. Manyara ilishuka kutoka 58 hadi 43 kati ya tafiti hizo mbili za mwisho. Lakini waliobaki wamejificha: wanakeketa wachanga, wanakeketa usiku, wanasafirisha binti kwa shangazi mkoa mwingine au kuvuka mpaka. Ndiyo maana Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia zilikutana Mombasa mwaka 2019 kukubaliana kuzuia ukeketaji wa kuvuka mipaka. Na marufuku isiyo na mazungumzo inaweza kuzaa ukaidi. Meru, Kenya, ilipopigwa marufuku mwaka 1956, maelfu ya wasichana walijikeketa wao kwa wao, wakapewa jina Ngaitana, "nitajitahiri mwenyewe". Kesi nazo huvunjika: shahidi mkuu ni mtoto, mshitakiwa ni bibi yake, na wanarudi kula chungu kimoja.

Mwalimu, polisi wataje, lakini mwishoni na kwa namna ya kumkinga mzazi. Wazazi wengi hawataki ila wanabanwa na ukoo. Mpe sentensi ya kuegemea: "Mimi sikatai mila, lakini shule inawajua mabinti wote kwa majina na nitafungwa mimi." Sheria hapo inamsaidia kumjibu baba mkwe.

Mtoto aliye hatarini ni jambo jingine, halingoji mkutano. Dalili unazozijua wewe kuliko sisi: binti anaombewa ruhusa wiki mbili kabla ya kufunga shule, anaanza kuzungumzia "safari ya kwa bibi" kwa woga, ng'ombe wa sherehe amenunuliwa, dada yake alikeketwa umri huohuo. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mjulishe ofisa ustawi wa jamii wa kata na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kamati ya MTAKUWWA ya kijiji (ya kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto) kama ipo hai. Usimwite baba shuleni kumuuliza kwanza. Binti ataondolewa usiku huo. Kama ameshakeketwa na anatoka damu au ameshindwa kukojoa, hospitali kwanza. Fomu ya polisi ya matibabu, PF3, ifuatiliwe huku matibabu yakiendelea.

mwl_Mkata

Nimepata zaidi ya nilichoomba, Mungu awabariki. Nimebaki na moja: saa ni moja na watu ni wa aina tatu. Niwachanganye au niwatenganishe? Na picha za kwenye vipeperushi nioneshe?

Yeyo_Lugoba

Picha acha kabisa. Mzee wa Kimaasai hawezi kutazama uchi wa mwanamke akiwa amekaa na wakwe zake. Atainuka na wenzake watamfuata. Anayehitaji mchoro, auone kwa muuguzi faraghani.

Wachanganye dakika 15 za mwanzo tu, mwenyekiti na shehe wafungue. Kisha watenganishe nusu saa: wanaume na laigwanani chini ya mti wao, akina mama na bibi na muuguzi darasani. Tangu mwanzo usiulize "mnakeketa?", maana hakuna atakayejibu kweli mbele ya mwalimu wa serikali. Uliza "binti wa hapa akitaka kuolewa, familia ya mume inaangalia nini?" na kwa akina mama uliza "mtoto wa kike akiwashwa, huwa mnafanya nini?" Kaa kimya wajibu. Imani zote tulizokuandikia humu zitatoka kwa midomo yao wenyewe.

mkunga_Muheza

Naongeza la chumba cha akina mama: wakae kwa duara, bibi wapewe viti na waongee kwanza kwa umri wao. Ukianza na mabinti wasomi, bibi watasusa. Na wamo humo waliokwisha kukeketwa, pengine wote. Maneno kama "mwanamke aliyeharibiwa" yasitamkwe. Waambie wazi kwamba mwenye maumivu wakati wa hedhi au tendo, uvimbe kwenye kovu, au mkojo unaotoka kwa shida anatibika, na kwamba mjamzito aseme mapema kliniki kuwa amekeketwa ili ajifungulie kituoni penye wa kumshona vizuri na damu ya kuongezwa. Dakika 15 za mwisho muuguzi akae mahali pa pembeni, mlango umefungwa. Watakuja mmojammoja.